Kantini Isiyojengwa

Dada yangu mkubwa ana meno matatu ambayo si yake. Yale ya asili yaling'olewa Louisville, na kwa miaka mingi nilijua kwamba nilichangia kung'olewa kwake. Sikumpiga. Nilimtafsiria neno.

Ulikuwa mwaka wetu wa pili Amerika. Watu kumi na mmoja kutoka milima ya Kivu ya Kusini tulifanya kazi katika kiwanda kimoja, tukipanga vipuri vya friji kwenye maboksi. Nilikuwa nakaribia miaka arobaini. Shule niliiachia darasa la sita. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi niliyoinunua duka la mitumba: maneno kumi kwa siku, katika daftari lenye safu tatu, neno, maana, na sentensi niliyoitunga mimi. Sikuruka siku hata moja. Wenzangu waliniita Diksionere, kwa ile namna yetu ya kulitamka neno la Kifaransa lenye maana ya kamusi, na ingawa walisema kwa utani, kila bahasha iliyokuwa na dirisha la plastiki ililetwa kwangu kwanza. Niliipenda kazi hiyo kuliko ile niliyolipwa.

Mwezi wa kumi na moja tuliitwa kwenye chumba cha mapumziko. Mwanamke wa ofisi ya wafanyakazi alikuwa amewasha mashine ya kuonyesha picha ukutani, na ukutani palikuwa na neno moja kubwa: kafeteria. Mpango wa kafeteria. Akauliza nani kati yetu anajua Kiingereza vizuri. Wenzangu kumi waligeuka kunitazama. Nikasimama.

Aliongea kwa dakika ishirini, haraka. Nilishika vipande: pesa itatoka kwenye mshahara, si lazima, ukikubali umekubali mwaka mzima, huwezi kubadilisha katikati isipokuwa umeoa, umezaa au umefiwa, usichokitumia kinapotea. Leo nikivipanga vipande hivyo naona nilivisikia sawa, vyote. Kila kimoja kililingana vizuri na kosa langu. Kwa maana kantini nayo iko hivyo. Unalipia chakula cha mwaka, na usipokwenda kula, hasara ni yako.

Hata hivyo sikubahatisha. Niliomba dakika tano, nikafungua kamusi. Ilisema: mahali pa kula ambapo mtu hujichukulia chakula mwenyewe. Nikasoma mara mbili. Kisha nikawageukia watu wetu, nikasema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: "Banataka kukata pesa ku mushahara juu ya chakula. Kila mwezi. Asiyekula, pesa yake inapotea."

Kikazuka kicheko.

"Donc nilipe nisikule?" akauliza jamaa mmoja mcheshi aliyeendesha kigari cha kunyanyulia mizigo. "Kumbe na huku kuko bajanja."

Mzee mmoja, mkubwa wetu kwa umri, hakucheka. Kwetu mtu mzima wa desturi za zamani hali chakula mbele ya watu, na mzee huyo hata pale kiwandani alikula ugali wake na maziwa akiwa ameelekea ukutani. "Mutu muzima asimame ku mustari na sahani mukononi, kama mutoto wa masomo?" akasema. "Mi hapana."

Dada yangu alikuwa ameketi karibu na mashine ya kuuzia biskuti. Alikuwa na shavu limevimba kidogo, kwa sababu magego yake yalikuwa yameanza kumsumbua tangu kiangazi, na alikuwa na desturi ya kushika taya anaposema.

"Ile kantini iko wapi?" akaniuliza.

Swali lilikuwa zuri. Kiwanda kile hakikuwa na kantini. Kulikuwa na chumba kile tulichokaa, maikrowevu mbili, na mashine mbili za biskuti na soda. Nilitazama huku na huku kama mtu ambaye anaweza kuiona akiangalia vizuri zaidi.

"Bataijenga," nikasema.

"Muulize tena."

"Nimeelewa, dada."

"Bon. Lakini muulize."

Sikumuuliza. Nilimwambia yule mwanamke kwamba watu wetu wanashukuru, ila wanaleta chakula cha nyumbani. Alinitazama kidogo kama mtu aliyesikia jambo lisilolingana, kisha akatazama saa yake. Akagawa fomu. Watu kumi na mmoja tukatia alama kwenye kisanduku cha hapana, tukasaini. Dada alisaini wa mwisho. Alisema, "Sawa, mi siwezi kusinye kwamba niko na njala," na wote tukacheka, naye akacheka akiwa amefunika mdomo kwa mkono. Mwanamke wa ofisi alinishukuru kwa kumwokolea muda na akanipa kalamu yenye jina la kiwanda. Nilitembea nayo mfukoni hadi wino ulipoisha.

Miezi michache baadaye mashine za kuchimba zilifika nyuma ya kiwanda. Kwa wiki mbili ilikuwa furaha yetu. Kila mapumziko mtu alikwenda dirishani na kurudi na habari: wameanza msingi, wameleta mawe. "Njo ile kantini," alisema yule mcheshi, yaani ndiyo hiyo. "Bazungu balilipa, bakule sasa." Ikawa ni maegesho ya magari. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mimi mwenyewe sikujiuliza.

Kabla ya mashine zile, mwezi wa pili, nilimpeleka dada kwa daktari wa meno. Usaha ulikuwa umeingia na hakuwa amelala siku tatu. Daktari alisema magego mawili na jino linalofuata kando yake yanaweza kuokolewa: kusafisha mizizi, kuziba, kuvika kofia. Alitaja bei. Bima ya msingi ambayo kiwanda kilimpa kila mtu haikugusa meno. Alisema malipo yanaanza kabla ya kazi. Kung'oa, kwa upande mwingine, kulikuwa rahisi, na kungeweza kufanyika palepale.

Dada aliniangalia. Nilijua alichokuwa nacho benki, kwa kuwa karatasi za benki pia nilimsomea mimi.

"Mwambie atoe," akasema.

Nikamwambia daktari atoe. Hilo nililitafsiri sawasawa.

*

Nilihamia Columbus kwa sababu ya ghala lililolipa zaidi. Nilipanga nyumba Northland, ghorofa ya pili, mahali ambapo ukishuka tu unapata sombe iliyogandishwa, yaani kisamvu, na unga wa muhogo, na basi la Morse Road linapita mbele. Dada naye aliondoka Louisville mwaka huohuo, akaenda Buffalo pamoja na binti yake aliyekuwa anaanza chuo. Alipata kazi ya kuwatunza wazee katika nyumba ya kutunzia wazee.

Ghala lilinipa fomu yake. Na humo ndani, ukurasa wa tatu, nikakutana na lile neno. Ghala nalo halikuwa na kantini.

Kanisani kwetu alikuwako Mkenya mmoja aliyekuja Amerika kusoma na sasa alifanya kazi ya kutayarisha mishahara katika kampuni fulani. Baada ya ibada nilimsogelea, nikamuuliza kwa utulivu, kama mtu anayeuliza kwa niaba ya mwingine, kwa nini makampuni ya Amerika hayaachi kuwauzia watu chakula.

Alinielewa baada ya muda. Alicheka hadi akashika kiti.

"Mzee, hiyo si food. Ni jina tu. Wameiita hivyo juu unachagua, kama mtu ameshika trei. Unachukua bima, unachukua account ya hospitali, ya kulea watoto. Na hiyo pesa inatoka before tax."

"Kabla ya kodi."

"Kabla. Serikali haiioni kabisa. Sasa nani alikuambia ni chakula?"

Nikasema ni mtu mmoja wa Louisville.

Wiki hiyo nilikwenda maktaba ya mtaa, nikamwomba mhudumu anichapishie kijitabu cha idara ya kodi kinachoeleza habari hizo. Nilikisoma kwa mwezi mzima nikiwa na penseli, aya moja kwa siku, siku nyingine nusu aya. Nilichoelewa naweza kukiandika hapa kwa maneno machache, na ndicho kinachonichoma, kwamba ni machache.

Kwetu, unapotaka kukamua, unamwachia ndama anyonye kwanza. Akishashusha maziwa ya mama yake na kupata chake, ndipo unapomsogeza na kuanza kukamua. Mkamuaji hahesabu alichonyonya ndama. Mpango huu ni huohuo. Mshahara ni ng'ombe. Bima ya familia, dawa, miwani, meno, malipo ya anayekulelea mtoto ukiwa kazini, hao ni ndama, wananyonya kwanza. Kisha serikali inakamua kilichobaki, na kwa kuwa kilichobaki ni kidogo, ndoo yake nayo ni ndogo. Aliyetia alama kwenye hapana ameruhusu ng'ombe akamuliwe kwanza, halafu ndama aambulie matone.

Laiti yule mwanamke angesema ndama. Watu wote kumi na mmoja wangesaini kabla hajamaliza sentensi, na yule mzee angekuwa wa kwanza. Lakini watu waliotunga sheria ile, nadhani, walikuwa watu waliozoea kuchagua. Walipotafuta mfano wa jambo jema walimwona mtu mwenye trei, mbele yake vyakula vingi, na shida yake ni moja tu, achukue kipi. Hawakumfikiria mtu ambaye, akisikia chakula kinagawiwa kwa mstari, anakumbuka kambi ya wakimbizi.

Kulikuwa na aya moja niliyoisoma mara nyingi kuliko nyingine. Ilisema kwamba katika akaunti ya matibabu, fedha zote ulizoahidi kwa mwaka mzima zinapatikana tangu siku ya kwanza. Unaweza kulipia tiba kubwa mwezi wa kwanza, na mshahara wako ukakatwa kidogokidogo hadi mwezi wa kumi na mbili, bila riba. Mwezi wa kumi na moja tulisaini hapana. Mwezi wa pili tuliketi kwa daktari. Kama ningemuuliza yule mwanamke swali moja, dada yangu angefika pale na kadi ya malipo mkononi. Nilichora mstari chini ya aya ile hadi penseli ikatoboa karatasi.

Mwaka ule nilitia alama ndiyo. Kwa kuwa nilitaka kufidia yaliyopita, niliahidi kiasi kikubwa mno, na hatukuugua. Mwishoni mwa mwaka, fedha zikiwa karibu kupotea, nilikwenda duka la dawa nikajaza kikapu. Mpaka leo nyumbani kwangu kuna themometa nne, na bandeji za kutosha timu ya mpira. Mke wangu akifungua kabati husema, "Njo ile chakula yako ya kantini." Yeye nilikuwa nimemweleza. Dada sikumweleza.

Nilijiambia sababu nyingi. Kwamba meno hayarudi. Kwamba jambo la namna hii husemwa ana kwa ana. Nilikwenda Buffalo kumwona mwaka wa kwanza, na nilipoingia mlangoni alicheka, na mdomoni mlikuwa na meno yote. Matatu mapya, mazuri, meupe kidogo kuliko jirani zake. Hakufunika mdomo. Nikasema yamependeza. Akasema ni Mungu. Nikafikiri ameweka akiba senti kwa senti kutoka kazi ya kuwageuza wazee vitandani, na sentensi niliyokuwa nimeibeba kutoka Columbus nikarudi nayo.

Na bado alinitumia karatasi zake. Kila Jumapili, baada ya ibada, simu yangu ililia na picha: barua ya umeme, barua ya bima ya gari, tangazo la chuo cha binti yake. Nilizisoma polepole, nikamrekodia sauti nikieleza, aya kwa aya. Alijibu, "Aksanti, Diksionere, bila we ningefanya nini." Karatasi moja tu hakuituma kamwe, ile ya mwezi wa kumi na moja. Mtu wa kupanga mambo kama mimi angepaswa kuliona hilo. Nililiona. Nilimshukuru Mungu tu kwamba haiji, sikutafuta sababu.

*

Sasa nakaa Buffalo na mimi. Mke wangu alipata kazi hapa, tukapanga nyumba mtaa unaokatiza Bailey. Dada na binti yake walikwisha kununua ya kwao Cheektowaga, nyumba ndogo ya mbao ambayo ndege hupita juu yake zikishuka uwanjani. Mwaka jana, Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja, nilikwenda peke yangu. Nilikuwa nimeamua. Nilivaa koti la kanisani.

Alikuwa mezani anachambua maharage. Binti yake, ambaye sasa ni mtu mzima na ana kazi ya ofisini, alikuwa jikoni. Nilikaa. Nikaanza tangu mwanzo, kwa utaratibu: kile chumba, ukuta, neno, kamusi. Nilimweleza ndama. Nilimweleza siku ya kwanza ya mwaka na mwezi wa pili. Nikasema, "Dada, meno yako, ni mimi."

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe dogo, akaliweka pembeni.

"Ninajua," akasema.

"Unajua nini?"

"Yote. Mwaka wa kwanza wa hapa, mutoto alisoma ile fomu. Akaniuliza, mama, Louisville mulikuwa munasema hapana juu ya nini? Nikamwambia, juu ya chakula." Akatabasamu, na meno yale matatu yakaonekana. "Alicheka, akalia. Haya meno unafikiri nilinunua na nini? Ni ile akaunti. Tangu mwezi wa kwanza."

Nilihesabu miaka kichwani. Ni kazi ninayoijua, na safari ile sikupenda jibu.

"Na zile karatasi ulizonitumia?"

Alirudi kwenye maharage. Binti yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na kitambaa cha vyombo mkononi, na nilielewa kwa jinsi alivyotazama sakafu. Barua za umeme, barua za gari, matangazo ya chuo, zote zilikuwa zimesomwa na kujibiwa kabla hazijafika kwangu. Kila Jumapili, miaka yote hiyo, nilikuwa nikimweleza dada yangu mambo yaliyokwisha.

"Ulikuwa unapenda sana ile kazi," akasema.

"Ungeniambia. Lilikuwa neno, dada. Kamusi ilisema vile. Nilisoma mara mbili."

Hapo ndipo alipoacha maharage. Hakupandisha sauti.

"Ndugu yangu, neno haikukuwa na shida. Kila mutu anakosaka neno. Mi nilikuuliza, kantini iko wapi. Uliangalia. Hukuiona. Ukasema bataijenga." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Nikakuambia muulize tena. Uliona haya mbele ya ule mwanamuke. Tubakie na meno, tusibakie na meno, weye uliona haya."

Ndege ilipita, tukangoja ipite.

Nilikuwa nimekuja na maelezo ya kosa langu, yamepangwa vizuri, na dada alikuwa na maelezo mafupi kuliko yangu. Niliuliza kuhusu wale wengine tisa. Alisema watatu binti yake aliwapigia simu. Mzee wetu alistaafu bila kujua. Kwa sasa haina faida kumwambia. Wale wengine hajui walipo. Nikasema nitawatafuta. Akasema, "Itakuwa vizuri," kama unavyomwambia mtu anayeahidi kuja harusini.

Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu nyuma yake, akachukua bahasha, akatoa karatasi na kuiweka mbele yangu. Ilikuwa fomu ya mwaka huu ya nyumba ya wazee. Visanduku vilikuwa vimekwisha kutiwa alama kwa wino wa buluu, kiasi cha mwaka kimeandikwa kwa mwandiko wa binti yake, na chini palikuwa na saini ya dada, ileile, herufi zinazopanda kilima.

"Bon," akasema. "Nisomee."

Nilimtazama kuona kama ananidhihaki. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, sikio la kulia mbele, vile anavyosikiliza tangu utoto wetu. Nikatoa miwani. Nikaanza na jina la karatasi, nikasoma lile neno kama lilivyo, kisha nikalieleza kwa maneno yetu, na nikaendelea na aya ya pili.

Binti alisogea nyuma ya kiti cha mama yake. Akamuuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, akidhani pengine sitamsikia, kwa nini mjomba anaisoma tena ilhali wameshaimaliza jana.

"Acha asome," dada akamwambia.

Nikasoma hadi mwisho.